Karani wa Mizani Namba Nne

Alfajiri ya Jumanne, mwaloni Kirumba,
mizani namba nne ilimdai Bi Nyamizi
nusu kilo ya sato
aliowaleta yeye mwenyewe.
Hasi nusu. Kioo kiliandika hivyo bila haya,
na foleni nzima ikacheka, isipokuwa yeye.

Malugu akanipigia: "Programu yako imelewa."
Nikafungua kumbukumbu, nikute nini?
Mistari elfu arobaini ya nipo, nipo, nipo,
kama darasa linaloitwa majina,
na pale penye kosa, kimya.

Ugonjwa niliujua. Tulimpa kila mtu kalamu.
Kanuni ya kutoa uzito wa kreti ina kalamu,
kanuni ya bei ina kalamu,
hata ile ya kugeuza gramu kuwa kilo, kitoto kile,
inakimbilia diski kabla haijamaliza kuhesabu.
Na lugha tuliyoichagua haitaki mchezo huo.
Hesabu ni hesabu: ipe nne na nusu, ipe mbili na nusu,
ikurudishie mbili, leo, kesho, mvua ikinyesha,
isiguse kitu kingine chochote duniani.
Ikiwa na neno, ilitoe pamoja na jibu.

Nikajifungia ofisini, juu ya duka la nyavu.
Karani ni nini? Si faili. Si skrini. Si tarehe.
Ni yeyote anayepokea jambo na kulifanyia kitu.
Basi. Mstari mmoja wa msimbo,
nikautazama mpaka chai ikapoa.

Wa kwanza kumwandika alikuwa yule wa kimya:
anapokea, anatupa.
"Unaajiri mtu wa kutoandika?" Malugu akauliza.
Huyo ni sifuri yangu, nikamwambia.
Mkalishe na karani yeyote, karani habadiliki.
Na makarani wawili benchi moja ni karani mmoja:
jambo linaingia mara moja,
huyu analipeleka kwenye faili, yule kwenye simu ya msimamizi.
Mbele yao nikaweka mlango.
Minong'ono ipite siku za majaribio, onyo lipite daima.
Nikafunika namba za simu za wachuuzi;
madeni ya watu hayasomwi na kila mwenye macho.

Lililoninyima usingizi ni hili:
karani wangu anajua maneno tu. Samaki hawajui.
Nimfundishe sato, kesho nimfundishe sangara,
keshokutwa ankara?
Siku ya nne, umeme umekatika, nakula kiazi gizani,
nikagundua nimeushika mshale kwa ncha.
Karani asiguswe!
Nipe njia ya kugeuza samaki kuwa neno,
niisimamishe mlangoni pake,
na tayari ninaye karani wa samaki.
Niletee njia ya kugeuza tiketi ya kivuko cha Kamanga kuwa neno,
na yuleyule, bila kuinua kichwa,
ataandika tiketi.

Tuliiweka Jumapili usiku. Jumanne,
saa kumi na mbili kasoro, ukatoka mstari mmoja:

ONYO. Mizani 4. Jumla 4.5. Kreti 2.5. Kreti 2.5. Baki hasi 0.5.

Kreti mara mbili.
Kijana wa mizani alikuwa anabonyeza kitufe cha kreti kwa mazoea ya zamani,
na programu nayo inatoa tena, kwa adabu.
Kanuni haikukosea. Ilitoa ilichopewa ikitoe,
na safari hii ilisema ilipewa nini.

Bi Nyamizi akalipwa kilo zake mbili,
na zile mbili za wiki ya kicheko.
Akauliza nani kaliona.
"Karani," Malugu akamjibu.
"Karani yupi? Mimi nipo hapa tangu saa tisa,
sijaona mtu na daftari."
Akapindua kreti, akamwaga maji,
akainama kuchungulia chini ya meza ya mizani.